Mto Hauna Kosa

Mto wa sufi ulikuwa umeanikwa juu ya ukuta wa kisima, na Mbah Sinem alikuwa akiuchapa kwa kipigio cha henzerani kama mtu anayemchapa mwizi wa kuku. Pu! Pu! Kila pigo lilipotua vumbi lilipanda, na vinyuzi vyeupe vya sufi vikaelea mpaka mlango wa jiko, alipokuwa ameketi mkwe wake, Parjilah, akifunga tempe, vipande vya soya ya kuchachusha, kwenye majani ya mgomba.

"Huyu ndiye adui yako," alisema Mbah akihema. Alikuwa bibi wa miaka zaidi ya sabini, lakini mkono wake wa kuchapa ulikuwa bado kijana. "Nimeugeuza pande zote. Leo utalala kama mtoto."

"Inggih, Mbah," alijibu Parjilah. Ndiyo, bibi.

Moyoni alisema: Uchape mpaka upasuke.

Katika kijiji chao, kama vijiji vyote vya jirani huko Java, mtu akiamka na shingo iliyokaza husemwa kwamba amekosea mto. Hawasemi anaumwa. Wanasema amekosea mto, na neno hilo likishatamkwa, ugonjwa umekwisha kupata jina, sababu na dawa kwa mpigo mmoja: mto hutolewa juani, huchapwa, hugeuzwa, na mwenye shingo huambiwa asubiri. Parjilah alikuwa amesubiri miaka miwili. Mumewe, Tugimin, alimnunulia mto mpya wa sufi, kisha mto wa maganda ya nafaka uliokuwa ukilia kama panya kila akijigeuza, kisha mto wa sponji uliotangazwa kwenye televisheni na mtu mwenye koti jeupe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nyumba hii, vidole vya mtu vilipoanza kufa, ilisingizia mto.

Maana ni vidole hasa. Shingo iliuma, ndiyo, lakini maumivu aliyazoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Kilichomtia hofu ni mikono. Parjilah alikuwa akifunga tempe tangu utotoni. Soya iliyochemshwa na kutiwa hamira yake, konzi moja kwenye jani, kunja, kunja, ukili mmoja wa bua la mpunga, kaza. Mikono yake ilikuwa ikifanya hivyo huku yeye akisinzia. Sasa ukili ulimponyoka. Jani lilifunguka. Kule sokoni wanawake, waliomwita Bu, yaani mama, walianza kumcheka:

"Bu Jilah, tempe yako siku hizi ina haraka! Inavua nguo kabla haijafika kwangu!"

Alicheka nao. Njiani akirudi alilia, na hata kufuta machozi kulikuwa shida, maana leso ilikuwa kama kitu cha mtu mwingine mkononi mwake.

Aliyempeleka hospitali ni binti yake, Wuri, kwa pikipiki, siku ambayo nyumbani walidhani wanakwenda kununua soya. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akamwambia afumbe na kufumbua ngumi haraka haraka, akamwambia atembee kisigino kwa kidole kama anayetembea juu ya kamba. Parjilah aliyumba akashika meza. Baadaye walimwingiza kwenye mashine inayonguruma, na picha ilipotoka, daktari aliigeuzia upande wake.

"Mama, huu mweupe ni mshipa mkuu wa fahamu. Unateremka ndani ya mifupa ya shingo kama mto kati ya mawe. Hapa, na hapa, mawe yamesogeleana. Njia imebana."

Parjilah alitazama. Kumbe mto ulikuwepo kweli, ila si ule wa sufi.

"Tutaanza bila kisu," daktari aliendelea. "Utafanya mazoezi na mtaalamu wa viungo, utavaa kola ya shingo ukipanda gari au pikipiki, utakunywa dawa. Usibebe mzigo mzito. Usitazame juu, kila ukirudisha kichwa nyuma njia inabana zaidi. Na jambo moja nakuomba sana: mtu yeyote asikuvunje shingo. Asiizungushe, asiilize mpaka ipige kre. Mnapenda sana kulizwa shingo huku. Wewe ukilizwa, unaweza usisimame tena. Na vidole vikizidi, au miguu ikianza kukwama, usingoje tarehe. Njoo hapo hapo, tuzungumze habari ya kupasua."

Halafu aliuliza, "Kazi gani inakufanya utazame juu?"

"Ndege wa mume wangu," alisema Parjilah, akaona haya kana kwamba ametaja siri ya chumbani.

Tugimin alifuga tetere, wale njiwa wadogo wa mashindano ambao sauti zao husikilizwa na majaji kama watu wanavyosikiliza msomaji wa Kurani. Kila tundu lilikuwa na mlingoti wake uani, mrefu kuliko paa, na kamba yake na kapi yake. Tetere hupandishwa jua likichomoza, apate joto na upepo ndipo sauti ifunguke. Tugimin alikuwa mlinzi wa ghala mjini na alitoka kabla ya mapambazuko. Basi kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, aliyesimama chini ya milingoti akivuta kamba, kichwa nyuma, macho juu, alikuwa Parjilah. Kikombe cha ushindi kilichokaa juu ya kabati kilikuwa na jina la Tugimin.

Jioni ile aliwaeleza wote. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama alivyoelezwa. Mbah alisikiliza huku akitafuna tambuu. Tugimin alisikiliza huku akimsafishia ndege kikombe cha maji.

"Madaktari," alisema Tugimin mwishowe. "Wakikosa cha kukata wanakata shingo. Mbona mimi nikikosea mto napona siku ya pili?"

"Kwa sababu wewe ulikosea mto, Pak. Mimi ninaumwa," alijibu Parjilah, akimwita baba, kama wake wa kule wanavyowaita waume zao.

"Haya, haya. Basi usitazame juu. Vuta kamba tu bila kutazama."

Alijaribu. Kesho yake alivuta akiwa ameinamisha uso, na tundu likapigwa na upepo likagonga mlingoti. Tugimin aliporudi alikuta manyoya mawili ya mkia chini. Alimshusha ndege, akamshika kwa mikono miwili, akampulizia manyoya, akamkagua kucha, akamkagua jicho la kushoto na jicho la kulia. "Maskini," alimwambia ndege. "Pole, mwanangu. Pole."

Parjilah alisimama mlangoni akiwa na kola shingoni. Hakuna aliyemkagua. Hasira ilimpanda, na lile neno la siku zote likaifunika kama kifuniko cha sufuria.

"Utakuwa mwangalifu kesho?" aliuliza Tugimin.

"Inggih, Pak."

Inggih ni ndiyo ya heshima, na kila aliyelelewa kule anajua ina matumbo mawili. Kuna inggih ya kukubali, na kuna inggih ya kumfanya mkubwa anyamaze. Parjilah alikuwa na miaka arobaini na tisa, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alitoa ile ya kwanza.

Wiki ya Idi ukoo mzima ulikusanyika kwao. Tangu asubuhi kulikuwa na kupat, wali uliopikwa ndani ya vifuko vya majani, kwenye kila sahani na mchuzi wa kuku wa nazi sufuria mbili. Wuri ndiye aliyemfunga mama yake vifungo vya kebaya, blauzi yake ya sikukuu, kimoja kimoja, kwa sababu Parjilah alijaribu cha kwanza mpaka jasho likamtoka.

"Mama, juzi uliweza," alisema Wuri kwa sauti ndogo.

"Juzi niliweza."

"Daktari alisema vikizidi..."

"Najua alichosema daktari. Wageni wakishaondoka tutakwenda. Funga."

Mgeni mkubwa wa siku hiyo alikuwa Karso, kaka mkubwa wa Tugimin, ambaye ukoo wote ulimwita Pakde, yaani baba mkubwa. Pakde Karso alikuwa na mikono ya kurithi. Baba yake aliunga mifupa, na babu yake kabla yake, na yeye mwenyewe alikuwa akiliza shingo na viuno vya kata nzima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana, na hiyo humharibu hata mtu mzuri.

Walipokwisha kula, Pakde alivuta kigoda katikati ya mkeka uliotandikwa barazani. "Nani anaanza?"

Mpwa mmoja alijitosa. Pakde alimshika kidevu kwa kiganja kimoja na kisogo kwa kingine, akampapasa kama anayechagua boga, halafu, kre! Watoto walipiga makofi. Mpwa alisimama akicheka, akageuza shingo huku na huku.

"Nyepesi, Pakde! Kama nimenunua mpya!"

"Mpya inatoka wapi? Nimekutengenezea hiyo hiyo kuukuu," alisema Pakde, na mkeka wote ukaangua kicheko. Kisha akapekua nyuso mpaka akampata aliyemtaka. "Jilah! Njoo. Nimesikia unavaa kola kama mbwa wa tajiri."

Walicheka tena. Parjilah alikuwa amebeba sinia la glasi. Alilishika kwa nguvu, maana hakuamini vidole vyake.

"Pakde, daktari amekataza," Wuri alisema haraka kutoka mlango wa jiko.

"Nani kamuuliza mtoto?" Pakde hakugeuka. "Daktari amesoma miaka mingapi? Mikono hii imesoma vizazi vitatu. Njoo, Jilah. Ni mto tu huo uliokukosea, mimi naurekebisha mara moja."

"Nenda, Bu," Tugimin alimnong'oneza. "Usimwaibishe mbele za watu. Dakika moja tu."

"Nenda, mwanangu," alisema Mbah. "Mimi nimechapa mto mpaka nimechoka."

Parjilah aliweka sinia chini. Aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa watu wake. Aliwapikia, aliwafulia, aliwazalia. Na kila mmoja alikuwa akimngoja avuke mkeka ule awape shingo yake ili wapate kuendelea na chai. Miguu ikamsogeza yenyewe. Ndivyo miguu ya mwanamke aliyelelewa vizuri inavyofanya, hata ikiwa inakwama. Aliketi kwenye kigoda. Pakde alimvua kola, akaitupa kando.

"Legeza."

"Inggih."

"Legeza zaidi. Unaniamini?"

"Inggih, Pakde."

Kiganja kilishika kidevu. Vidole vizito, vyenye harufu ya mafuta ya karafuu, vikashika kisogo. Kichwa chake kikaanza kuinuliwa, nyuma, nyuma, mpaka macho yake yakaona boriti za paa, na nje ya kingo za paa ncha za milingoti, na matundu, na tetere wakilia kwa raha zao juu kule alikowapandisha yeye. Na hapo umeme ukapita. Ulianzia kisogoni ukashuka mgongoni, ukamwagika kwenye mikono yote miwili hadi kwenye ncha za vidole. Kisha vidole vikatoweka. Havikuuma. Havikuwepo.

Pakde akavuta pumzi, kama anavyofanya kabla ya kuzungusha.

"Ora!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko mwili wake. Hakusema hapana ya adabu. Alisema ile ya lugha ya chini, ile wanayofukuzia mbuzi kwenye shamba la muhogo, ile anayorushiwa mtoto mtukutu. Hakuna aliyewahi kumtupia Pakde Karso neno hilo tangu mama yake alipomwachisha kunyonya.

"Ora! Toa mikono yako! Toa!"

Mikono ikatoka kama iliyoungua. Parjilah alisimama, akayumba, akakamata nguzo. Tetere walisikika juu: kuu-ru-kuk-kuk, kuu-ru-kuk.

Pakde alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Umenisemesha kama mbuzi," alisema polepole. "Mimi. Ndani ya nyumba ya mdogo wangu."

"Bu!" Tugimin alikuwa amesimama. "Piga magoti. Omba radhi sasa hivi. Ni Idi!"

Kila mtu alijua radhi huombwaje. Unapiga magoti, unainamisha kichwa mpaka paji la uso liguse goti la mkubwa. Macho yote yakawa kwenye shingo yake tena, na hilo ndilo lililokata uzi wa mwisho. Shingo, shingo, shingo. Kuinuliwa au kuinamishwa, ni wao waamue.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili nawaambia mikono yangu inakufa, mnachapa mto. Pak, ndege wako alipong'oka manyoya mawili ulimwita mwanangu. Mimi leo nimeshindwa kufunga kifungo. Umeniona? Nani humu ameniona?"

Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamziba mdomo.

Parjilah alimgeukia Pakde. Aliunganisha viganja kifuani, kwa heshima kamili, ingawa vidole havikunyooka. "Pakde, kwa lugha niliyotumia naomba radhi. Ilikuwa lugha chafu na Pakde ni mkubwa wangu. Lakini kwa neno lenyewe siombi. Na ili Pakde asiseme sikulisema kwa adabu, nalirudia kwa adabu." Akavuta pumzi. "Mboten."

Mboten ni hapana ya lugha ya juu, laini, ya watu wa kasri ya sultani. Wengine pale mkekani walikuwa hawajawahi kuisikia kinywani mwa mke wa mtu. Ora ilikuwa imewashtua tu. Hii iliwaumiza, kwa sababu haikuwa na kosa la kushikia.

Pakde Karso aliinuka, akachukua kofia yake. Langoni alisema, bila kumtazama mtu, "Akilemaa msiniite," akaondoka. Wageni wakafuata wawili wawili, wakiaga kwa sauti za msibani.

Tugimin hakusema na mkewe usiku ule, wala asubuhi. Aliondoka kwenda kazini, na Parjilah hakugusa kamba hata moja. Matundu yalishinda barazani, tetere wakiwa kimya, wakimtazama kwa jicho moja moja. Yeye na Wuri walipanda pikipiki, kola shingoni, wakaenda hospitali bila kumdanganya mtu safari hii.

Daktari alimwambia tena afumbe na kufumbua ngumi. Alitazama kidogo tu. "Mama, nafikiri tusisubiri tena. Kisu hakiahidi kurudisha kilichokwisha kwenda. Lakini kinaweza kuzuia kinachokwenda. Zungumza na familia."

"Nimezungumza nao," alisema Parjilah.

Mlango ulipofunguliwa Tugimin alikuwa koridoni, bado amevaa sare ya mlinzi, kofia mkononi. Nani alimwambia, hawakumuuliza. Daktari alimweleza yote tangu mwanzo, na picha akamwonyesha. Tugimin aliinamia picha ile kwa muda mrefu, kwa namna ile ile alivyokuwa akimkagua ndege.

"Mzee, umekubali?" aliuliza daktari.

"Inggih," alisema Tugimin.

"Inggih ipi?" Parjilah aliuliza. Hakuiuliza kwa upole. Hasira ilikuwa bado imo, na hakuona sababu ya kuificha mbele ya daktari. "Ile ya kukubali, au ile ya kumnyamazisha daktari twende zetu?"

Tugimin alitazama kofia yake, kisha mikono ya mkewe.

"Ya kukubali," alisema.

"Nitaona."

Siku ya kwenda kulazwa, Tugimin ndiye aliyepandisha ndege. Alichelewa kazini kwa ajili hiyo, na Parjilah alimsikia akiguna chini ya milingoti, kamba moja, kamba nyingine. Alipoingia alikuwa akijisugua kisogo.

"Hii kazi inakaza shingo," alisema.

"Umekosea mto," alijibu Parjilah, akaendelea kukunja nguo zake.

Halafu akasikia: pu! Pu!

Alitoka nje. Mbah Sinem alikuwa kisimani tena, mto juu ya ukuta, kipigio mkononi, kitambaa cha kichwa kimemlegea. Hasira ya Parjilah iliruka kama maziwa yanayochemka.

"Mbah! Mpaka leo? Mto hauna kosa!"

"Najua," alisema bibi kizee. Alikuwa akilia. Machozi yalikuwa yamechanganyika na wekundu wa tambuu pembeni mwa mdomo. "Najua hauna. Basi nimpige nani?"

Parjilah alisimama. Alinyoosha mkono, akachukua kipigio, akakishika kwa mikono miwili kwa kuwa mmoja haukutosha, na akaupiga mto. Aliupiga kwa ajili ya ukili uliomponyoka na kwa ajili ya manyoya mawili ya mkia. Aliupiga kwa inggih zote alizokuwa amezimeza. Sufi ilipasua mshono ikapanda hewani kama moshi.

Kisha vidole vikaachia, kipigio kikaanguka matopeni.

Mbah aliinama, akakiokota, akakifuta kwa upindo wa nguo yake, akamrudishia.